Pua imepinda? Shika uzi, kioo na kalenda

"Anko, hii si pua yangu. Umeipinda."

Binti alikuja studio kwangu, hapa Kabwe, kupiga paspoti saizi za maombi ya chuo. Hakuwa wa kwanza kulalamika. Nimepiga nyuso za watu wa Mbeya miaka kumi na minane sasa, na pua ndiyo inayoongoza kwa kesi, masikio yanafuata kwa mbali. Nikaifungua picha yake kwenye kompyuta, nikaigeuza kulia ikawa kushoto. Akatulia. "Haya, sasa ndiyo mimi." Pua ilikuwa ileile, sikuigusa hata nukta. Uso anaoujua yeye ni ule wa kwenye kioo, na kioo hugeuza. Pua yangu mimi, kwa mfano, imelala kushoto. Nikijitazama kwenye kioo naiona inaelekea mkono wangu wa kushoto. Nikiishika picha yangu mbele, inaelekea mkono wa kulia. Macho yamezoea upande mmoja miaka yote, ukibadilishwa ghafla unaona kasoro ambayo jirani yako haioni kabisa.

Halafu kuna selfi. Simu unaishika sentimita thelathini hivi kutoka usoni, na pua ndiyo iliyo karibu zaidi na lenzi, kwa hiyo inakuzwa kuliko masikio. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwa umbali huo pua huonekana pana kwa asilimia 30 hivi kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizia bei ya upasuaji, mpe mtu simu, arudi nyuma hatua mbili au tatu, aishike usawa wa macho yako, apige, kisha akate picha ibaki uso. Nimewaona watu watatu au wanne waliokuja na huzuni ya pua wakaondoka wakicheka baada ya hilo tu.

Ila mimi si wa kukwambia pua yako haina kitu. Yangu ina kitu. Nilipigwa kiwiko mwaka 2003, nikiwa na miaka kumi na tisa, tunagombea mpira wa kona kwenye kiwanja kimoja cha Ilomba. Yaliyofuata nilikosea karibu yote, na waliotakiwa kunielekeza nao walikosea. Nitafika huko.

Kwanza ujue kilichopinda ni nini. Mafundi wa nyumba wana timazi, ule uzi wenye kizito chini unaoonyesha ukuta umesimama au umelala. Chukua uzi wa kushonea, funga funguo ndogo mwisho wake, simama mbele ya kioo kichwa kikiwa wima, uning'inize mbele ya uso uanzie katikati ya nyusi. Tazama unapita wapi: mwamba wa pua, ncha ya pua, kile kifereji kilicho kati ya pua na mdomo, katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, kidevu. Kama vyote vinakaa kwenye uzi isipokuwa pua, basi pua ndiyo iliyopinda. Kama kidevu na meno navyo vimekimbia uzi, huenda uso wenyewe ndio haukukua sawa pande mbili, na pua inafuata tu. Hapo hata ukinyooshewa pua peke yake itazidi kuonekana ngeni. Karibu kila uso ninaoupiga una tofauti ya milimita moja au mbili; mwenye uso uliolingana sawasawa kama nusu mbili za parachichi bado sijamwona.

Kama ni pua, tazama inapindia wapi. Gusa kutoka juu ushuke. Karibu theluthi ya juu ni mfupa, mgumu, haukubali kusukumwa. Kuanzia hapo kushuka ni gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Pua iliyopigwa juu huwa imelala yote upande mmoja. Pua ya gegedu hupinda kama herufi C, au S, mwanzo huku mwisho kule. Ndani kuna ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili, nao nyuma ni mfupa, mbele ni gegedu. Ukuta huu unaweza kupinda huku pua kwa nje imenyooka kama rula, na watu wengi tu wako hivyo bila kujua. Kinyume chake pia: pua ya nje imelala, ndani hewa inapita vizuri. Kwa hiyo kioo cha ukutani kinakuonyesha nusu ya habari tu.

Nusu nyingine unaipata kwa kioo kidogo cha mkononi, na baridi yetu ya Juni na Julai inasaidia sana kwa hili. Kiache kioo dirishani kipoe. Kishike chini ya pua kikiwa kimelala, funga mdomo, pumua taratibu. Ukungu utajichora madoa mawili. Doa moja likiwa kubwa na jingine dogo kama sarafu, upande wa lile dogo hewa ni haba. Usikimbilie kuhukumu lakini. Pua hufanya zamu. Ndani ya kila tundu kuna vinyama vinavyojaa damu na kunywea, upande mmoja ukipumzika mwingine unafanya kazi, kisha wanabadilishana baada ya saa chache. Daktari mmoja Mjerumani, Richard Kayser, aliliandika jambo hili tangu 1895, na bado watu wananijia wakidhani ni ugonjwa. Kwa hiyo pima asubuhi, mchana na usiku, kwa siku tano hivi, uandike. Doa dogo likihamahama, ni zamu. Likiwa upande uleule siku zote, kuna kizuizi.

Ukishakijua kizuizi, weka vidole viwili shavuni karibu na pua, vuta shavu taratibu kuelekea sikio, upumue. Hewa ikifunguka ghafla, kizuizi kiko karibu na mlango wa pua, pale bawa linapokutana na ukuta. Isipofunguka, huenda kiko ndani zaidi. Hiki si kipimo cha kukupa jibu la mwisho, ni cha kukupa maneno ya kumwambia daktari. Mgonjwa anayesema "tundu la kushoto halipitishi hewa wakati wote, nikivuta shavu linapata nafuu" anasikilizwa tofauti na anayesema "pua inanisumbua".

Na kabla sijaendelea: mtoto mdogo anayetoa makamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu, usimpimie uzi wala kioo. Mara nyingi kuna kitu kimo ndani. Kwetu huku ni punje ya mahindi au harage, na harage likilowa linavimba. Usilichokonoe, utalisukuma mbele zaidi. Mpeleke. Mtu mzima naye ambaye tundu moja linaziba siku hadi siku na linatoa damu bila kupigwa, aende akaangaliwe mapema, hilo si suala la kupinda.

Sasa kiwiko changu.

Damu ilitoka, wenzangu wakanilaza chali na kuniinamisha kichwa nyuma, kama inavyofanyika kwenye kila kiwanja nilichokijua. Nikaimeza damu, nikaitapika. Unachotakiwa kufanya ni kukaa, kuinamia mbele, na kubana sehemu laini ya pua, ile ya chini, si mfupa, kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia kuchungulia. Kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa juu ya mwamba, dakika kumi, unapumzika, unarudia. Usipenge kamasi. Kama hukuweza kubana kwa maumivu, wacha itoke mbele huku unaelekea hospitali.

Kisha mwenye simu amulike ndani ya matundu yote mawili. Anatafuta kivimbe laini, chekundu au cha zambarau, kimekaa kwenye ukuta wa kati, mara nyingi pande zote mbili, na mgonjwa anasema pua imeziba kabisa na inauma kuzidi. Hiyo ni damu iliyonaswa chini ya ngozi ya ukuta. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na ngozi hiyo iliyoigandia. Ikitenganishwa nayo kwa siku tatu au nne inakufa. Pua inazama katikati kama tandiko la punda, au inatunga usaha. Dawa yake ni kuitoa damu ileile siku hiyohiyo, kesho yake kwa kuchelewa sana. Hili ndilo jambo la haraka kuliko yote kwenye andiko hili, na ndilo ambalo watu hawalijui. Watoto wanalipata kwa pigo dogo tu, kuanguka kitandani kunatosha. Ukiwa huoni vizuri, usijadiliane na tochi, nenda.

Ya haraka mengine: maji mepesi yasiyo na rangi yanayodondoka puani, hasa ukiinama, baada ya pigo la kichwa, kuona viwili viwili, kuzimia, damu isiyokata baada ya kubana nusu saa. Waendesha bodaboda wananielewa.

Mimi sikuwa na hata kimoja cha hivyo. Nilikwenda kwenye zahanati moja, nikapewa dawa ya maumivu na kuambiwa "subiri uvimbe uishe". Neno hilo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba halikuwa na tarehe. Nilisubiri. Bibi yangu alishuka kutoka Tukuyu na mafuta yake, akanikanda kwa upendo kila jioni. Uvimbe ukaisha, pua ikabaki upande, nikasubiri inyooke yenyewe. Niliporudi kuuliza, wiki ya sita, niliambiwa mfupa umeshaunga.

Kwa hiyo kalenda ni hii, iandike ukutani kama una vijana wanaocheza mpira. Siku ya kwanza: aangaliwe ndani kwa ajili ya kile kivimbe. Uvimbe wa nje huficha umbo, kwa hiyo daktari mara nyingi hawezi kuhukumu pua imelala kiasi gani. Siku ya tatu hadi ya tano: rudi, hata kama haiumi, hata kama hujaitwa. Uvimbe umepungua, sasa inaonekana. Kama imelala, mfupa unaweza kurudishwa bila kupasua: unapigwa ganzi au unalazwa usingizi, daktari anaingiza kifaa chembamba tunduni, anainua mfupa kutoka ndani huku mkono mwingine unauelekeza kwa nje, kisha anaweka plasta ngumu juu. Ni kazi ya muda mfupi. Kwa mtu mzima mlango huo hufungwa kwenye siku ya kumi hadi kumi na nne. Kwa mtoto mifupa inaunga haraka zaidi, usipite wiki moja. Eksirei usiing'ang'anie sana. Kwa pua, macho na vidole vya daktari vinaona zaidi, na gegedu haionekani kwenye eksirei.

Ukiambiwa usubiri, uliza: hadi tarehe ngapi? Swali hilo moja lingeniokolea miaka kumi na minne ya kulala mdomo wazi.

Usiivute mwenyewe. Nasema kwa sababu vijana wanajaribu, wanasikia "kacha", wanadhani imerudi.

Iliyounga tayari ni habari ya kisu, na hapa watu wanachanganya kazi mbili. Moja ni kunyoosha ukuta wa kati: inafanywa kupitia matunduni, hakuna kovu nje, lengo ni hewa, na sura ya nje kwa kawaida inabaki ilivyokuwa. Nyingine ni kurekebisha umbo la nje, mifupa inavunjwa upya kwa mpango na gegedu inachongwa au kuongezwa. Wapo wanaohitaji zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukuta uliopinda huivuta pua ya nje, na ukinyoosha nje ukaacha ukuta, gegedu itairudisha. Gegedu ina kiburi, inakumbuka ilikokuwa. Ndiyo maana hata fundi mzuri hakuahidi mstari wa rula, na baadhi ya watu hurudi mezani mara ya pili. Anayekuahidi ukamilifu, muulize amefanya ngapi na akuonyeshe picha.

Kwa kawaida husubiriwa uso umalize kukua, wasichana kama miaka kumi na tano au kumi na sita, wavulana kumi na saba au kumi na nane, isipokuwa mtoto hapumui kabisa. Anza na hospitali ya wilaya au ya mkoa upate barua. Kwa Nyanda za Juu Kusini wengi huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Muombe daktari wa masikio, pua na koo. Kama una bima, uliza kabla: kupumua na urembo ni kurasa mbili tofauti kwa watu wa bima, na karatasi za kipimo chako cha kioo hazitawashawishi, maelezo ya daktari yatawashawishi. Na ukisikia "una nyama za puani, zikatwe", uliza ni nyama zipi. Mtaani jina hilo linabeba vitu vitatu tofauti: vile vinyama vya kawaida vya kila pua, uvimbe unaoota, na tezi za nyuma ya pua za watoto. Kila kimoja na tiba yake.

Mimi nilinyooshewa ukuta mwaka 2017. Nililala usingizi wa dawa, nikaamka na vipande laini vya plastiki ndani ya matundu kuushikilia ukuta, vikakaa wiki. Wiki ile nilipumua kwa mdomo, nikalala nimeegemea mito mitatu, koo likikauka kwa baridi ya Agosti. Sikupenga wiki mbili, sikubeba ndoo, mpira niliuacha wiki sita. Uvimbe wa ndani ulipungua taratibu. Umbo la nje nililiacha. Mke wangu alisema pua iliyonyooka angeiona kama mgeni mezani, na mimi nilikuwa nataka usingizi tu. Aliyefanyiwa ya nje nimwambie mapema: umbo huendelea kutulia hadi mwaka mzima, usianze kugombana na daktari mwezi wa pili, na miwani isikalie mwamba wiki kadhaa za mwanzo.

Vibanio vya plastiki vinavyouzwa mtandaoni "kunyoosha pua kwa siku thelathini" havifanyi kitu zaidi ya kuacha alama nyekundu. Mazoezi ya kukunja pua hayafanyi kitu. Sindano za kujaza mwamba zinaweza kuficha kibonde kwa muda, lakini mishipa ya pua inaungana na ya jicho. Dawa ikiingia kwenye mshipa ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Hilo si la saluni. Dawa ya matone ya kuzibua pua usiizidishe siku tano, vinyama vinaizoea na vinavimba zaidi ukiiacha. Haya niliyafanya miaka miwili. Kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa kunasaidia vumbi letu la Septemba, ila hakunyooshi chochote.

Na bibi zetu. Bibi yangu alikanda pua za wajukuu wote tangu siku ya kwanza, na anajivunia kila moja. Pua ya mtoto aliyebanwa wakati wa kuzaliwa kwa kawaida inarudi yenyewe siku chache, akandwe asikandwe. Kumshika kwa mapenzi ni sawa, kumbana si sawa, na mafuta yasitiwe matunduni kwa sababu yanashuka kwenye mapafu. Kama baada ya siku tatu nne bado imelala, au ananyonya huku anahangaika kupumua, aonyeshwe kliniki. Bibi mwambieni kwa heshima, mkianza na "shikamoo" mtafika mbali zaidi.

Asiyetaka kisu ana njia zake. Kwenye picha, mwanga wa pembeni huitangaza pua iliyolala. Simama ukitazama dirisha, mwanga uje usoni moja kwa moja. Kwa picha isiyo ya paspoti geuza uso kidogo, jaribu pande zote mbili, upande mmoja lazima utakupendelea. Dada zetu wa vipodozi wa Mwanjelwa wana ujanja wa zamani: mstari mweupe wa kung'aa wanauchora mnyoofu kutoka nyusi hadi nchani, bila kuufuata mpindo, na upande uliotokeza wanautia giza kidogo. Miwani ikikaa kombo, kosa si lako. Fundi wa miwani anaweza kukunja vile vidude viwili vinavyokalia pua mpaka ikae sawa.

Ukiamua kumwona daktari, nenda na picha zako. Simama mita moja na nusu kutoka kwenye simu, ukuta wa rangi moja nyuma, bila kutabasamu, nywele zisifunike. Ya kwanza uso mzima mbele. Mbili za pembeni kabisa, kulia na kushoto. Mbili za robo, uso umegeuka kidogo kila upande. Ya sita ni ya chini: inua kidevu mpaka matundu yaonekane, mpigaji ainame, hiyo ndiyo inayoonyesha ukuta wa mbele kama umetoka njiani. Kisha tafuta picha ya zamani, ya kabla ya pigo. Mimi nilipeleka ile ya kitambulisho cha kidato cha nne, imechakaa, muhuri umepita shingoni. Daktari aliiweka kando ya zile sita mpya, akakaa nazo muda mrefu kidogo. Akaniuliza kama nilijua kwamba hata kabla ya kiwiko pua yangu ilikuwa imelala kushoto kidogo.

Sikujua.